“Hapana” ya configure isikutishe

Mama mmoja anayenunua samaki pale Deep Sea, hapa Tanga, aliniletea kazi iliyoonekana ndogo. Alitaka kioo kibandani kwake kinachoonyesha saa ya maji kujaa na kupwa, maana siku za bamvua kila mtu anamuuliza yeye. Nikamjibu, “Kesho kutwa unacho, mama.” Zikapita siku tisa. Programu ya kukokotoa maji ipo, ni ya bure, na msimbo chanzo wake uko wazi. Siku zangu zililiwa na skripti yake ya configure.

Kwa asiyeijua: configure ndiyo unayoiendesha kwanza, kabla programu haijaundwa, ili ikague mfumo wako. Haina orodha inayosoma mahali, yenyewe hujaribu tu. Inaandika kiprogramu cha lugha ya C cha mistari michache, inakipa kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa kitu mashine inachoweza kuendesha), halafu inaangalia. Kikipita, ndiyo. Kikikwama, hapana. Nyingi kati ya skripti hizi huzalishwa na zana iitwayo Autoconf, aliyoianzisha David MacKenzie mwaka 1991, enzi ambazo mifumo endeshi ya ukoo wa Unix ilikuwa mingi kama barabara za Ngamiani na kila moja ina mambo yake. Mimi naliheshimu sana wazo hilo. Ila lina upofu mmoja: skripti haiwezi kutofautisha “mfumo huu hauna kitu hiki” na “jaribio langu limevurugika”. Yote mawili huandikwa hapana.

Nilianza na Raspberry Pi ya zamani, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, isiyo na saa yenye betri. Siku hiyo intaneti, inakochukua saa, ilikatika ofisini, kwa hiyo Pi ikaamka na tarehe ya siku ilipozimwa mara ya mwisho, miezi mingi nyuma. Configure huunda faili dogo na kulinganisha umri wake na wa configure yenyewe. Ikakuta faili la sasa hivi ni la zamani kuliko vilivyokuja kwenye kifurushi, ikagoma. Nikarekebisha tarehe kwa mkono, ikaendelea. Angalau hapo ilisema wazi kinachoisumbua.

La pili halikusema. Mwandishi wa programu alikuwa ameongeza mistari yake mwenyewe, na ndani yake akalinganisha maneno kwa alama mbili za usawa, ==, ndani ya mabano ya mraba. Kwenye bash, sheli (programu inayosoma na kutekeleza amri) iliyozoeleka, hilo linapita. Lakini sheli inayoitwa kwa jina la sh (siyo ile ya kujazia mafuta) kwenye mifumo ya Linux ya ukoo wa Debian ni dash. Ubuntu, mmoja wa ukoo huo, walihamia huko mwaka 2006, na Pi yangu ni ya ukoo huohuo. Dash haiijui ==. Ikanung'unika mstari mmoja, ikahesabu jibu kuwa si kweli, ikasonga mbele. Mstari wenyewe ukapotea katikati ya mamia ya mingine, programu ikaundwa vizuri kabisa, ila sehemu ya michoro ikaachwa nje. Dawa yake ni kufuta alama moja ya usawa. Kuipata ndiko kulikonila siku mbili.

Wakati huo kijana ninayefanya naye kazi alikuwa anajaribu programu hiyohiyo kwenye simu yake, ndani ya Termux, programu inayokupa mazingira ya Linux kwenye Android. Alikifungua kifurushi kwenye hifadhi ya picha na nyimbo, mahali ambapo Android hairuhusu faili kuendeshwa. Kompaila ikaunda kiprogramu cha jaribio, kikakataa kuendeshwa. Configure ikasema haiwezi kuendesha programu za C, na kwamba kama unaundia mashine nyingine, tumia --host. Kijana akatii. Kosa likaondoka, akanipigia kwa furaha: “Kaka, imekubali!”

Haikukubali. Ukitaja --host ya mashine nyingine, configure huacha kuendesha majaribio, na pale isipoweza kujaribu inakisia. Matoleo mengi ya zamani ya Autoconf hukisia kwa makusudi jibu baya zaidi. Swali mojawapo ni kama malloc, kazi ya C inayoomba kumbukumbu, ikiombwa baiti sifuri inarudisha anwani ya kweli. Kwenye simu ile inarudisha. Skripti, kwa kutojua, ikaandika hapana, kisha ikabadilisha kila malloc iwe rpl_malloc, kazi mbadala ambayo mwandishi wa programu alitakiwa kuiweka mwenyewe na hakuiweka. Mwisho wa uundaji, kiunganishi, kinachokusanya vipande vya programu kuwa kimoja, kikalia kwamba rpl_malloc haijulikani. Ukiitafuta kwenye mafaili ya C ya mwandishi huioni hata mara moja, na hapo ndipo watu huanza kumshuku mchawi. Unaweza kuipa configure jibu mwenyewe, ac_cv_func_malloc_0_nonnull=yes, lakini kwa kijana wangu tulihamisha kifurushi kwenye saraka ya nyumbani ya Termux tu, tukaifuta --host.

Bado akapata hapana ya ajabu. Jaribio lake lilianza na main, jina la kazi kuu ya programu ya C, bila int mbele, mtindo wa C ya kale. Kompaila Clang tangu toleo la 16 na GCC tangu la 14 huukataa kama kosa, si onyo tena. Kitu kilichokuwa kinatafutwa kilikuwepo, sentensi ya swali ndiyo iliyokuwa mbovu.

Yote haya yamo kwenye config.log, faili ambalo configure huliandika inapoendeshwa. Kila jaribio lililokwama limehifadhiwa humo: amri, malalamiko ya kompaila na msimbo wenyewe wa kiprogramu. Mimi sasa siangalii kioo wakati configure inapita. Natafuta neno “no” kwenye faili hilo na kujiuliza, je, hiyo ni hapana ya mfumo au ya swali? Na kifurushi kikiwa cha kale hadi hakitambui aarch64, aina ya kichakato cha simu na Pi nyingi, nanakili mafaili mapya ya config.guess na config.sub, yanayotambua aina ya mashine, juu ya zile zake, sibishani nacho.

Pi ya Deep Sea nimeifungia kisaa chenye betri ya kitufe. Mama amekitazama kioo, kimeandika 16:10, akasema, “Mwanangu, hii saa kumi na dakika kumi umeniandikia ya Wazungu.” Nimerudi nayo ofisini.