Leseni ya picha: bure ni ya nani, na ya kulipia unalipia nini?

Leseni ya picha ni ruhusa anayoitoa mwenye picha ili mtu mwingine aitumie, pamoja na masharti ya ruhusa hiyo. Mwandishi anayetafuta picha ya kupamba makala yake aghalabu huanza na bei, ilhali bei na ruhusa ni mambo mawili. Kuna picha za bure zenye masharti makali, na kuna picha zinazouzwa ambazo mtu angeweza kuzipata kihalali bila kulipa chochote.

Msingi wake ni hakimiliki. Kwa mujibu wa Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mwaka 1886 na ambao sasa una nchi wanachama zaidi ya 170, kazi hulindwa tangu inapotengenezwa. Mpiga picha halazimiki kuisajili wala kuibandika alama ya ©. Ndiyo maana yale maneno "picha kwa hisani ya Google" hayamsaidii mtu: Google haikupiga picha hiyo, kwa hiyo haina hisani ya kutoa. Inachofanya ni kukuonyesha ilipo. Ukibonyeza Zana kwenye sehemu yake ya picha, utakuta kichujio cha haki za matumizi kinachobakiza zile zenye leseni, ila hata hapo fungua ukurasa wa asili ujisomee mwenyewe.

Zilizo huru kabisa ni picha ambazo ni mali ya umma: ulinzi wake umekwisha muda, haukuwahi kuwepo, au mwenyewe ameuachia. Picha nyingi za NASA zimo humo, kwa kuwa kazi za watumishi wa serikali kuu ya Marekani hazina hakimiliki nchini humo. Makumbusho nayo yamefungua milango. Metropolitan Museum of Art ya New York iliachia mwaka 2017 picha za kazi zake za sanaa zilizo mali ya umma kwa CC0, tamko la kuachia haki zote.

Uhuru huo una upande wa pili, na Carol Highsmith aliuonja. Mpiga picha huyu wa Marekani aliitunuku Maktaba ya Bunge la nchi yake maelfu ya picha ili kila mtu azitumie bure. Baadaye taasisi yake ikaandikiwa barua ya kudaiwa dola 120 kwa kutumia picha aliyoipiga yeye mwenyewe. Alishtaki mwaka 2016, akiwamo Getty Images miongoni mwa washtakiwa, na mahakama ikatupa sehemu kubwa ya madai yake. Mali ya umma yeyote anaweza kuiuza, hata kama hakuipiga. Kwa hiyo kabla ya kununua picha ya zamani au ya kihistoria, itafute kwanza kwenye maktaba au makumbusho inakohifadhiwa.

Kati ya uhuru kamili na haki zote kuhifadhiwa zipo leseni za Creative Commons (CC), shirika linalotunga leseni za kushirikiana kazi, zilizoanza kutolewa mwaka 2002. Herufi zake si pambo. BY inakutaka umtaje mwenye kazi. SA inataka kazi utakayoitengeneza kutokana na picha hiyo itolewe kwa masharti yaleyale. NC inakataza matumizi ya kibiashara, na ND inakataza kusambaza picha uliyoibadilisha. Wikimedia Commons, hazina ya picha zinazotumiwa na Wikipedia, haipokei NC wala ND, jambo linalowapunguzia wasiwasi wanaoandika kwa malipo. Kumtaja mtu vizuri ni kueleza jina la picha, la aliyeipiga, ilikotoka na leseni yake, kwa viungo. Kuandika "CC" peke yake hakutoshi.

Tovuti kama Unsplash, Pexels na Pixabay zina leseni zao zenyewe. Huhitaji kulipa wala kumtaja mtu (ingawa naona ni uungwana kumtaja), lakini huruhusiwi kuuza picha ileile bila kuigusa. Tatizo lake kwangu ni jingine: picha zilizo rahisi kupatikana zimekwisha tumiwa na kila mtu.

Ukilipa, mara nyingi hununui picha yenyewe, unanunua leseni. Ya kawaida sokoni ni ile isiyo na mrabaha: unalipa mara moja kisha unaitumia tena na tena, ndani ya mipaka kama idadi ya nakala zitakazochapwa. Nyingine hupangwa bei kwa kazi maalumu, muda na eneo. Zingatia pia maneno "kwa matumizi ya habari tu". Kwa kawaida yana maana kwamba watu au nembo zinazoonekana hazikutolewa idhini ya matangazo, hivyo picha inafaa kwenye taarifa lakini si kwenye tangazo la bidhaa, hata kama umeilipia.

Na unapopakua, hifadhi kiungo, tarehe na picha ya skrini ya masharti. Tovuti hubadilisha leseni. Unsplash iliacha CC0 mwaka 2017. Anayeulizwa baadaye alipata wapi ruhusa huwa na kitu cha kuonyesha.