Nusu Dozi ya Nini?

Wiki iliyopita simu yangu iliita saa nane usiku. "Shikamoo dada, samahani kwa kukuamsha. Yule wa kitanda cha sita kriatinini imerudi 310. Seftriaksoni yake nimeikata nusu kabla hatujaanza. Niko sawa?"

Kriatinini ni taka ya misuli ambayo figo huitoa, kwa hiyo ikipanda kwenye damu tunajua figo zimechoka; seftriaksoni ni antibayotiki ya sindano. Aliyepiga ni kijana mwenye adabu na ndiyo kwanza ameanza kazi wodini, kwa hiyo nilimjibu taratibu. Hapa sitakuwa mtaratibu, maana yeye ni wa nne mwezi huu, na wale watatu waliomtangulia wana mvi.

Imani yenyewe mnaijua: figo zimechoka, antibayotiki ni dawa kali, basi mpe nusu. Nusu ya ipi? Kwa nini nusu na si robo? Hakuna anayejua. Ni kama kupunguza chumvi kwenye mchuzi ambao hujauonja.

Tuanze na figo. Zenye afya huchuja kama mililita 120 za maji ya damu kwa dakika, yaani lita 170 na ushei kwa siku, kisha karibu zote hurudishwa mwilini. Dawa hutoka kwa njia mbili. Ya kwanza ni kichujio, na hicho hupitisha tu ile dawa isiyoshikamana na protini. Ya pili ni pampu zilizo kwenye mirija ya figo, ambazo huivuta dawa kutoka kwenye damu na kuitupa kwenye mkojo hata kama haikupita kichujioni. Penisilini hupenda sana njia hii ya pili. Ndani ya nusu saa hivi, nusu ya iliyokuwa kwenye damu imeshaondoka. Mwaka 1941 kule Oxford, polisi Albert Alexander alipokuwa mmoja wa wagonjwa wa mwanzo kabisa kutibiwa kwa penisilini, dawa ilikuwa adimu kiasi kwamba madaktari waliukusanya mkojo wake, wakaitoa dawa humo na kumchoma tena. Alipata nafuu, dawa ikaisha, akafariki. Baadaye ikatengenezwa probenesidi kwa kazi ya kuziziba pampu hizo, penisilini ikae.

Kwa hiyo ndiyo, figo zina nguvu kubwa juu ya baadhi ya antibayotiki. Baadhi! Jentamaisini karibu yote hutoka na mkojo. Figo zikifungwa, dawa ambayo ingepungua nusu kwa saa mbili au tatu hukaa siku nzima, pengine zaidi. Lakini doksisaiklini haina habari na figo zako. Metronidazo hushughulikiwa na ini. Na seftriaksoni, hii mnayoikata kila siku, sehemu yake hupita kwenye mkojo na sehemu kwenye nyongo. Mlango mmoja ukifungwa, mwingine hubeba mzigo. Mgonjwa mwenye figo mbovu na ini zima hapunguziwi. Tunachoangalia ni asipite gramu mbili kwa siku figo zikiwa zimekufa kabisa. Basi. Yule wa kitanda cha sita alikuwa ananyimwa dawa bure.

Sasa nije kwenye kinachonikera hasa: dozi ya kwanza.

Chukua tenki la maji la nyumbani, tupu. Unataka lijae hadi alama fulani. Maji unayohitaji yanategemea ukubwa wa tenki. Bomba la kutolea, liwe wazi au limeziba kutu, linaamua utaongeza maji lini, haliamui utaanza na ndoo ngapi. Mwili ndio tenki, figo ndizo bomba. Mgonjwa ambaye hajapata hata tone la dawa hana cha kulimbikiza. Ukimpa nusu, umejaza nusu tenki, huku bakteria wakizaana kwenye damu.

Tena ni mbaya zaidi ya hapo. Mgonjwa mahututi mwenye maambukizi ya damu ametundikiwa dripu lita tatu nne, mishipa inavuja, miguu imevimba. Tenki limepanuka. Meropenemu, vankomaisini na jentamaisini huyafuata maji hayo, hivyo mara nyingi dozi yake ya kwanza inapaswa kuwa ya juu, na hapo ndipo sisi tunaikata. Dozi ya kwanza hutolewa kamili. Figo ziulizwe kuanzia dozi ya pili.

Na zikiulizwa, ziulizwe vizuri. Kriatinini peke yake ni shahidi wa uongo. Ukiwa na bibi wa miaka 70 mwenye kilo 45, na kijana wa kiume wa miaka 25 mwenye kilo 75, wote wakirudi na 100 kutoka maabara, fomula ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976, inayokadiria figo zinachuja kiasi gani kwa kutumia umri, uzito, jinsia na kriatinini, inampa kijana kama mililita 106 kwa dakika, na bibi 33. Namba ileile! Bibi hana misuli ya kutengeneza kriatinini, basi. Karatasi inasema yuko salama, anapewa jentamaisini ya kila siku, inalimbikizana na kuharibu sehemu ya sikio inayoshika mizani ya mwili, baada ya wiki anapepesuka kama amekunywa, na familia inasema ni uzee.

Upande wa pili yuko kijana wa bodaboda aliyevunjika mapaja, miaka 24, kilo 70, kriatinini 45. Hesabu inatoa zaidi ya 200. Huyo anakojoa antibayotiki kabla muuguzi hajarudi na ya pili, na sijawahi kuamshwa usiku kwa ajili yake.

Sisemi msipunguze kamwe. Antibayotiki iitwayo sefepimu isipopunguzwa humchanganya mgonjwa akili hadi degedege. Ila kupunguza nako kuna namna yake. Jentamaisini huua bakteria kwa kilele, yaani kiwango cha juu kabisa inachofika kwenye damu, kwa hiyo unaacha dozi ilivyo na kurefusha muda kati ya sindano. Wenzetu wa kifua kikuu wanalijua hili zamani: figo zikifeli, pirazinamidi na ethambutoli hutolewa mara tatu kwa wiki kwa kiasi kilekile, na rifampisini haiguswi. Dawa za ukoo wa penisilini huua kwa kukaa juu muda mrefu, kwa hiyo hizo unaweza kupunguza kiasi. Nitrofurantoini, dawa ya maambukizi ya mkojo, ni kichekesho chake mwenyewe: inategemea figo kuipeleka kwenye kibofu, zikichoka haifiki inakotakiwa, inabaki kusumbua mishipa ya fahamu. Hiyo usipunguze, badilisha.

Sasa niungame. Ile fomula ninayoitamba nayo ilitokana na wagonjwa 249, karibu wote wanaume, na inadhani kriatinini imetulia. Mgonjwa aliyeacha kukojoa asubuhi ya leo figo zake zinaweza kuwa zinachuja sifuri na karatasi bado inasoma 150, kwa sababu kriatinini hupanda polepole. Anayepona, karatasi inachelewa vilevile. Uzito gani niweke kwa mtu aliyejaa maji? Huwa nakisia. Seprini, antibayotiki nyingine, nayo hupandisha kriatinini kwa kuzuia tu pampu zinazoitoa, figo zikiwa hazijaguswa. Kiwango cha jentamaisini kwenye damu ndicho kingetuondolea ubishi, na mahali ninapofanya kazi hakipimwi. Kwa hiyo kwa mgonjwa mahututi ambaye figo zimeyumba leo, na dawa ni ya ukoo wa penisilini, mimi huacha dozi kamili saa 48 za mwanzo, kwa kuwa wengi figo huamka wakipata maji. Si kila mtu anakubaliana nami, na kuna usiku ambao mimi mwenyewe sijikubali.

Wa kitanda cha sita alipata gramu mbili zake usiku uleule. Siku ya tatu kriatinini ilikuwa 140, anaulizia uji. Nilipokuwa nageuka niondoke nikachungulia faili la kitanda cha saba: meropenemu iliyokatwa siku ya kwanza, figo zimesharudi hali ya kawaida tangu juzi, na bado imeandikwa miligramu 500 mara mbili kwa siku. Nikampigia simu kijana wangu aje aibadilishe. Ilikuwa saa sita mchana. Sina roho mbaya kiasi hicho.