Je, elektroni za bara hufika Unguja?

Umeme mwingi wa Unguja unatoka bara, kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Wa mwanzo uliwekwa 1980. Wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ukaanza kazi 2013. Pemba ina wake, kutoka Tanga. Sasa mtu akibonyeza swichi Mwanakwerekwe na taa ikawaka papo hapo, kilichovuka bahari ni kipi?

Wengi watasema elektroni, zile chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme: zinazalishwa bara, zinapita mbio chini ya maji, taa inazila, zinakwisha. Karibu kila kipande cha jibu hilo kina kasoro.

Kwanza, hazizalishwi. Waya wa shaba umejaa elektroni tangu kiwandani. Pili, haziendi mbio. Birika la umeme likichemsha maji, elektroni ndani ya waya wake husogea chini ya milimita moja kwa sekunde. (Kila moja peke yake hurukaruka ovyo kwa kasi ya ajabu, lakini huku na huku, bila kufika popote.) Tatu, na hili ndilo la kuchekesha, umeme wetu hugeuza mwelekeo: mizunguko 50 kila sekunde. Elektroni ikisogea kidogo, inarudishwa. Safari yake nzima ni fupi kuliko unene wa unywele.

Watazame wapasuaji mbao wawili na msumeno wao mrefu. Tuseme mmoja kachoka, kashika mpini tu. Kazi yote anafanya mwenzake. Anavuta, anasukuma. Jino la msumeno linakwenda hatua moja na kurudi pale pale, halitoki upande huu kuhamia upande ule. Hata hivyo gogo linapasuka, unga unamwagika, na mkono unaovuta unachoka. Gogo halili meno. Jioni yatahesabiwa yale yale. Na mkono ukivuta, mpini wa pili hausubiri jino la kwanza lifike, kwa sababu bamba ni moja.

Mfano una mpaka wake. Mvuto wa umeme hausafiri ndani ya chuma kama kwenye bamba; nishati hupita hasa kwenye uga wa umeme na sumaku (eneo ambamo nguvu zake hufanya kazi) unaouzunguka waya, nao waya unauongoza njia. Kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba ni chini ya kilomita 40, na mvuto huo huzimaliza kabla ya sehemu moja ya elfu ya sekunde kupita.

Ndiyo maana waya ulipoharibika Desemba 2009 na Unguja ikakaa gizani miezi mitatu, nyaya za majumbani hazikuwa tupu. Elektroni zilikuwemo zote. Kilichokosekana ni wa kuzivuta. Jenereta zilizonguruma madukani Darajani hazikuleta hata moja mpya.

Na mita ya Tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla? Yenyewe inahesabu nishati tu. Elektroni zilizo ukutani hazijawahi kuuzwa kwa yuniti.