Moshi wa Kuni na Presha: Tunayoyasema Vijijini Mtwara na Ilivyo Kweli

"Hewa chafu iko Dar es Salaam, huku Newala upepo ni safi." Ukiwa uwanjani, sawa. Sasa ingia jikoni jioni: kibanda cha udongo, mlango mmoja, mafiga matatu, kuni za mkorosho zilizolowa mvua. Inua macho. Masizi yananing'inia kwenye makuti kama utando wa buibui uliopakwa lami. Hayo ni yale yaliyonasa. Chembe ndogo zaidi hazinasi. Mama anazivuta akiwa ameinama anapuliza moto, mtoto yuko mgongoni. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo. Jiko la kuni ndani ya kibanda huweza kufikisha mamia wakati chakula kiko motoni.

"Moshi ni wa macho na kifua, presha inaletwa na mawazo." Mawazo yamo, chumvi nayo imo, na sisi wa ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, tulikumbuke hilo. Ila chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu huuamsha mwili kana kwamba umevamiwa. Mishipa ya damu inajibana, na mwaka hadi mwaka inakakamaa. Moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi.

"Mkaa hauna moshi, kwa hiyo hauna neno." Unatoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyoonekana wala kunuka. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa limeua watu usingizini.

Linaloniuma zaidi ni hili: "Bibi amepikia kuni tangu usichana wake na hana presha." Nani alimpima? Presha ya kupanda mara nyingi haiumi popote, hata mtu aamke siku moja mdomo umepinda na mkono hauinuki. Mpelekeni zahanati. Vipimo vikirudia kusoma 140 kwa 90 au zaidi, siku tofauti, hiyo ni presha, hata kama asubuhi ametoka kulima.

Kuna pia anayebadili jiko akaacha vidonge. Asifanye hivyo. Huko Guatemala, wanawake waliopewa majiko ya kuni yenye dohani walipungukiwa presha kwa takribani pointi 3. Kwa kijiji kizima hiyo ni faida kubwa, lakini haitoshi kuchukua nafasi ya dawa ya mgonjwa mmoja.

Gesi ya mtungi ni bora kuliko kuni na mkaa, ingawa bei yake naijua. Wengi hudhani ndiyo hii gesi asilia inayochimbwa hapa kwetu Mnazi Bay. Sivyo, ya mtungi huletwa kwa meli kutoka nje. Kwa asiyeimudu: kuni zikauke vizuri, pikia nje mvua isiponyesha, toboa dirisha la pili mkabala na mlango. Na msimu wa kubangua korosho, mafuta ya maganda yanapowaka na moshi mweusi kutanda, bibi na watoto wakae upande upepo unakotoka.