Taa ya tatu ya breki: maana yake, na jinsi ya kuiongeza kwenye gari la zamani

Taa ya tatu ya breki ni ile taa nyekundu moja inayokaa katikati ya nyuma ya gari, juu kuliko taa nyingine, na ambayo huwaka pale tu dereva anapokanyaga breki. Kwenye magari mengi iko nyuma ya kioo, au juu ya mlango wa buti, au imefichwa ndani ya spoila. Magari yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1980 kwa kawaida hayana taa hiyo, na hata ya miaka ya 1990 yapo mengi yasiyokuwa nayo, kutegemea yalitengenezwa kwa soko lipi.

Watu wengi huiona kama nyongeza ya mwanga, yaani mbili hazitoshi basi tuweke ya tatu. Sivyo. Nguvu ya taa hii haiko katika ukali wake, iko katika kusema jambo moja peke yake. Ukilielewa hilo, maamuzi yote ya kuifunga, kuanzia waya gani uguse hadi mahali pa kuibandika, yanakuja yenyewe.

Zitazame kwanza taa mbili za kawaida. Kwenye magari mengi ya zamani kila upande una balbu moja yenye nyuzi mbili ndani: uzi wa wati 5 kwa taa ya usiku na uzi wa wati 21 kwa breki. Usiku, dereva anayekufuata tayari anaona taa mbili nyekundu mbele yake. Unapokanyaga breki, taa zilezile, mahali palepale, kwa rangi ileile, zinazidi kung'aa. Kwa hiyo akili yake inapaswa kulinganisha: je, hii ni nyekundu ya kawaida au ni nyekundu ya breki? Mvua ikiwa inanyesha, vifuniko vya taa vikiwa vimefubaa kwa umri na vumbi, au balbu moja ikiwa imeungua, ulinganishaji huo unamchukua muda ambao hana.

Taa ya katikati haina swali hilo. Muda wote iko giza. Ikiwaka, maana yake ni breki, basi. Tena iko karibu na usawa wa macho, na kwa kuwa iko juu, dereva wa gari la pili nyuma yako mara nyingi anaweza kuiona kupitia vioo vya gari lililo kati yenu. Huo ndio msaada mkubwa kwenye foleni inayokwenda kasi, ambapo gari la kwanza likisimama ghafla, la nne ndilo linaloumia.

Wazo hili lilijaribiwa barabarani kabla ya kuwa sheria. Mwaka 1974 mwanasaikolojia wa Marekani, John Voevodsky, alifunga taa ya ziada chini ya kioo cha nyuma kwenye teksi 343 za San Francisco, akaacha teksi 160 bila taa hiyo ili apate za kulinganisha nazo. Baada ya miezi 10, teksi zenye taa zilikuwa zimegongwa nyuma mara chache zaidi kwa asilimia 60.6. Marekani ikaja kuilazimisha taa hii kwa magari ya abiria ya toleo la 1986, wakati Elizabeth Dole akiwa waziri wa usafirishaji, na kwa pikapu na magari mengine mepesi ya mizigo kuanzia toleo la 1994. Ulaya ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1990.

Ni haki kusema pia kwamba asilimia 60 haikudumu. Tathmini ya serikali ya Marekani iliyotoka mwaka 1998 iliona kwamba, baada ya madereva kuizoea, taa hii inapunguza ajali za kugongwa nyuma kwa asilimia 4.3. Hapo mwanzo ilikuwa kitu kigeni kilichovuta macho, kisha ikawa sehemu ya barabara. Mimi naiona asilimia hiyo kuwa kubwa sana kwa kifaa kidogo kiasi hiki, kisichodai mafuta wala matengenezo. Na gari la zamani lina sababu yake ya ziada: liko katikati ya magari ambayo mengi yana taa ya tatu, na dereva wa leo amezoea kuitafuta hapo juu kwanza.

Sasa kuifunga. Kazi yenyewe ni waya mbili. Mmoja wa hasi unafungwa kwenye bodi, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu. Mwingine wa chanya unaungwa kwenye waya wa taa ya breki iliyopo. Lakini ni waya upi hasa? Hapa ndipo watu wengi hukosea. Kwenye soketi ya balbu yenye nyuzi mbili kuna waya wa taa ya usiku na waya wa breki, na rangi za waya hutofautiana kutoka gari hadi gari, hivyo usikisie. Chukua testa, mwombe mtu akanyage breki huku taa za usiku zikiwa zimezimwa, utafute waya unaopata umeme wakati huo tu. Kisha fanya kinyume: washa taa za usiku bila kukanyaga breki, uhakikishe waya huo umebaki bila umeme. Ukiunga kwenye waya wa taa ya usiku, taa yako mpya itawaka usiku kucha, nawe utakuwa umeiua maana yake.

Kuna magari, hasa ya zamani yaliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani, ambayo breki na indiketa hutumia uzi mmoja wa balbu. Ukiunga kwenye balbu ya upande mmoja, taa ya katikati itapepesa kila unapoashiria kona ya upande huo. Kwa magari hayo umeme unachukuliwa kwenye swichi ya breki penye kanyagio, kabla haujafika kwenye swichi ya indiketa, na waya mpya unapitishwa chini ya zulia hadi nyuma. Ni kazi ndefu zaidi, ila ndiyo sahihi.

Swali la fyuzi hujibiwa kwa hesabu. Balbu tatu za wati 21 kwenye umeme wa volti 12 huvuta ampea 5.25. Soma namba iliyoandikwa kwenye fyuzi ya breki na uangalie kama kuna kifaa kingine kinachoitumia. Taa ya LED huvuta umeme kidogo mno, kwa hiyo mara nyingi hakuna cha kubadilisha. Kamwe usiweke fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye kisanduku, kwa sababu waya wa zamani ndio utakaoungua badala yake.

LED nayo ina faida nyingine ninayoipenda zaidi. Balbu ya uzi huhitaji kama sehemu ya tano ya sekunde ili uzi upate moto na kung'aa kikamilifu, ilhali LED huwaka papo hapo. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, sehemu hiyo ya sekunde ni zaidi ya mita 5 za barabara. Lakini LED inajali chanya na hasi. Baadhi ya magari ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yamefungwa chanya kwenye bodi, kinyume na tulivyozoea, na mengine ya zamani hutumia volti 6. Angalia betri yako kabla ya kununua.

Mahali pa kuiweka: katikati kabisa ya gari, juu kuliko taa nyingine mbili za breki, na isizibwe na mizigo, gurudumu la akiba wala tinti nyeusi. Kanuni za kimataifa hutaka ukingo wake wa chini usiwe chini ya milimita 850 kutoka ardhini, au usishuke zaidi ya milimita 150 chini ya kioo cha nyuma. Ukiiweka ndani, iguse kioo au iwe na kifuniko kinachoziba mwanga usirudi ndani, la sivyo usiku utaona wekundu kwenye kioo chako cha kati kila unapofunga breki. Usiibandike juu ya mistari ya kuyeyusha ukungu, maana gundi ikija kutolewa hung'oka nayo. Waya inapopita kwenye tundu la chuma, weka mpira. Bila mpira, mtikisiko utaimenya taratibu, na siku moja fyuzi itakatika na taa zote tatu za breki zizime pamoja.

Rangi ni nyekundu tu, na isiwe ya kumetameta. Nchi nyingi zinakataza taa za breki zinazopepesa, na hata pasipo katazo, mwanga unaopepesa humfanya anayekufuata afikirie indiketa au gari la dharura.

Ukimaliza, mweke mtu nyuma ya gari na umpitishe kwenye hali zote: breki peke yake, breki na taa za usiku, breki na indiketa ya kila upande, taa za hatari, kurudi nyuma. Ikiwa taa ya katikati inafifia au inacheza pamoja na indiketa kwenye gari ambalo indiketa zake zina balbu zake peke yake, anza kwa kukagua upya pale waya wa hasi ulipofungwa kwenye bodi, kabla ya kufungua kitu kingine chochote.