Je, wajua majimoto wa miembe waliwahi kuishi Ulaya?

Aliyewahi kupanda mwembe Malindi anawajua majimoto. Unashika tawi, kumbe majani yameshonwa pamoja, na kabla hujashuka wamekwishakuingia shingoni. Wanang'ata, kisha wanakunyunyizia tindikali palepale penye kidonda. Ni chungu wa nchi za joto hawa. Spishi yetu ni ya Afrika, na jamaa yake wa pekee aliye hai yuko Asia na Australia. Ulaya leo hakuna hata mmoja.

Lakini mwaka 1868 Gustav Mayr, mtaalamu wa chungu kutoka Austria, alieleza majimoto waliokutwa ndani ya kaharabu ya Baltiki, bahari ya kaskazini mwa Ulaya ambayo sehemu zake huganda barafu kila kipupwe. Spishi hiyo iliyotoweka inaitwa Oecophylla brischkei. Ilifikaje huko?

Kaharabu ni utomvu wa miti uliogeuka mgumu kama jiwe (tusiichanganye na ambari, ile ya nyangumi). Sisi wa Pwani tuna mfano wetu: sandarusi, utomvu wa msandarusi, mti unaomea hadi leo katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Zamani ilichimbwa ardhini na kuuzwa ng'ambo ikatengenezewe vanishi, na mara nyingine ndani yake alionekana mdudu mzima. Ila sandarusi ni changa sana. Kaharabu ya Baltiki ina umri wa miaka zaidi ya milioni 34, na zama hizo Ulaya ilikuwa na joto na misitu mikubwa. Majimoto hawakusafiri kwenda kwenye baridi. Huko kulikuwa kwao. Na kwa kuwa maisha yao yote ni mtini, wakipanda na kushuka juu ya gome kutwa, utomvu ukichuruzika ni rahisi kuwanasa kuliko chungu wa ardhini.

Baadaye dunia ikapoa. Majimoto hujenga kwa majani mabichi, wakiyashona kwa hariri ya mabuu wao, ambao huwabeba midomoni kama sindano. Mti unaopukutika majani kila mwaka, kama miti mingi ya nchi za baridi, hauwafai.

Kenya nayo ina majimoto wa kale, ingawa si wa kaharabu. Mwaka 1964 wanasayansi walieleza sehemu ya koloni lililogeuka mawe katika kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria: wafanyakazi wakubwa kwa wadogo, na mabuu wao pamoja nao.