Je, wajua kwa nini kujua lugha ya alama hakutoshi kuwa mkalimani?

Desemba 10, 2013, katika ibada ya kumkumbuka Nelson Mandela mjini Johannesburg, bwana mmoja alisimama kando ya marais akichezesha mikono wakati wa hotuba zao. Wengi wanaosikia hawakushuku lolote. Viziwi ndio waliong'aka: zile hazikuwa alama za lugha yoyote.

Mtego wa kazi hii uko hapo. Anayekuajiri mara nyingi hajui alama hata moja, basi atakupimaje? Ndiyo maana baadhi ya nchi zina mitihani ya kuthibitisha wakalimani. Chama chao cha Marekani kipo tangu 1964.

Kwanza lugha. Mmarekani na Mwingereza huongea Kiingereza, lakini viziwi wao hawaelewani kwa alama. Alama za Marekani zina undugu na za Ufaransa, alikotoka Laurent Clerc, mwalimu kiziwi aliyesaidia kuanzisha shule ya viziwi ya Hartford, Marekani, mwaka 1817. Na lugha hii haiivi kwa darasa tu. Sharti ukae na viziwi wakukosoe.

Halafu uso. Tamka "umemeza dawa", kisha "umemeza dawa?" Maneno ni yale yale, sauti ndiyo iliyouliza. Katika lugha nyingi za alama, kazi hiyo ni ya nyusi. Ukisahau kuziinua, mgonjwa ataona anaambiwa kwamba ameshameza.

Ukalimani wenyewe ndio unaotesa: mikono inamalizia sentensi iliyopita, masikio yameshadaka inayofuata. Akili huchoka upesi, kwa hiyo wakalimani wawili hupokezana kila baada ya dakika 20 hivi. Aliyeketi hapumziki, anamlinda mwenzake asipitwe na jina au tarakimu.

Watoto wanaosikia waliolelewa na wazazi viziwi huja na mtaji mkubwa, ila nao husoma. Aliyezoea kumtafsiria mama kwa daktari hushawishika kuipunguzia makali habari mbaya, na mkalimani hana ruhusa hiyo. Wakalimani wengi hujiajiri, wakianzia mikutanoni. Mahakama huja baadaye, maana kosa la huko laweza kumfunga mtu.

Hata kiziwi huwa mkalimani. Chukua mzee aliyekua na alama za nyumbani kwao tu. Mkalimani anayesikia hupokea maneno ya daktari, humpa mwenzake kiziwi kwa alama za kawaida, naye huyageuza kwa uso, mwigo na ishara, mpaka mzee aitikie kwa kichwa.